Sauti Iliyokuwa Chini ya Meza

Vijana mnaoanza kazi hii ya kupima macho ya watu, naandika nikiwa na hasira, naomba mnivumilie. Hasira yenyewe si juu yenu. Nyinyi nawapenda, na kila anayepita nyumbani kwangu hapa mtaani Ngagara kuuliza jambo la kazi namwekea chai na kumjibu mpaka achoke yeye. Lakini juzi alikuja mmoja wenu, msichana mwerevu, ndiyo kwanza ameajiriwa, akaniambia akicheka:

"Mama Goreti, siku hizi ni rahisi. Unamuweka mutoto mbele ya tableti, anaangaliya picha kidogo, na tableti inakwambia kama ana umakini ao hana."

"Na kama inasema hana?"

"Basi hana."

Chai ilinipalia. Nikakohoa mpaka akainuka kunipiga mgongoni. Alipokwisha kuondoka nilikaa peke yangu sebuleni nikibishana naye kana kwamba bado yupo. Haya ndiyo niliyokuwa nikimwambia.

Nilikuwa muuguzi. Nilianzia kliniki ya macho hapa mjini, nikipima watu kwa herufi za ukutani na tochi. Baadaye timu ya watafiti ikaja na mashine ya kufuatilia macho, wakaomba mtu anayejua kumtuliza mgonjwa kwenye kiti, nikapewa mimi kazi hiyo. Nikazeekea katika chumba kidogo chenye mapazia mazito, mpaka nikastaafu. Watu walidhani mle ndani tunasoma mawazo. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikataa kabisa kuingia, akasema mambo yake na mume wake si ya kuonyeshwa kwenye skrini.

Hatukusoma mawazo ya mtu. Niwaeleze tulichokuwa tukifanya, maana naona wengi mmeanza kubonyeza kabla ya kuelewa.

Jicho haliendi juu ya picha polepole kama mkono unaopapasa kitambaa. Linaruka. Linatua mahali, linakaa kitambo kidogo, linaruka tena. Kama huamini, mpe mwenzako gazeti asome, nawe uweke kioo kidogo kando ya ukurasa utazame macho yake humo. Utayaona yakidonoa maneno kama kuku anavyodonoa mtama. Mashine haifanyi zaidi ya hapo: inahesabu jicho limetua wapi, limekaa muda gani, limerukia wapi. Ina kamera chini ya skrini, na taa ambayo sisi hatuioni. Taa inaacha nukta ndogo juu ya jicho, kamera inafuata nukta hiyo pamoja na mboni, kisha kompyuta inakisia mtu anatazama wapi.

Nimesema inakisia. Ndiyo maana kila mtu akiketi, kwanza unaifundisha mashine jicho lake: unamwonyesha kidoa katikati ya skrini, kisha kwenye pembe moja, kisha nyingine, naye anavifuata. Msiruke hatua hiyo hata kama foleni imefika barabarani, hata kama umeme umerudi sasa hivi na mnajua utakatika tena. Mkimpima mtu kwa jicho ambalo mashine haijalijua, mtapata picha nzuri sana ya uongo.

Na hata ikilijua jicho vizuri, mashine inaweza kukwambia jicho lilikuwa wapi. Haijui kwa nini lilikuwa pale, wala haitajua.

Tulikuwa na picha zilizokuja pamoja na programu kutoka ng'ambo: vitu vya nyumbani. Kati yake kulikuwa na kile kidude cha umeme cha kuchoma mkate. Watoto wetu walikitazama kuliko picha zote. Kompyuta ikafurahi, ikasema watoto wana umakini wa ajabu. Nikamuuliza mvulana mmoja alikuwa akitazama nini pale.

"Natafuta antena," akanijibu.

"Antena ya nini?"

"Si ni redio? Lakini mulango ya kaseti ndiyo iko juu. Nani alitengeneza redio mubaya vile?"

Macho yake yalikaa pale kwa sababu kitu hakikueleweka. Mtu anaweza kukazia macho kwa mapenzi, kwa woga, kwa mshangao au kwa usingizi. Mwanamke mmoja aliyejitolea kupimwa alisikia kwamba tutapiga picha macho yake, akaja amependeza kama anakwenda kuolewa: wanja, rangi, na kope za kubandika ndefu kama ufagio. Kamera ikafuata kope badala ya mboni. Kwa mujibu wa mashine, yule mama alitumia asubuhi nzima akitazama dari. Tulicheka naye mpaka machozi yakamharibia wanja, na ndipo mashine ikamwona.

Aliyenifundisha kazi ya macho tangu mwanzo alikuwa Mzee Nasoro, mtu wa ukoo wa Kiarabu, wale wa maduka ya zamani hapa mjini, aliyeacha kuuza vitambaa akaenda kupima miwani. Alikuwa mkali na mwingi wa dhihaka. Siku yangu ya kwanza nilimsimamia mgonjwa nikimuuliza maswali, Mzee Nasoro akaniita pembeni.

"We dada, uyu ni mugonjwa ao ni dereva bila permi? Unamusimamia kama polisi wa barabara."

Kisha akanikalisha kwenye kiti cha mgonjwa, akanisimamia vilevile, akanimulika tochi na kunifokea swali moja baada ya jingine. Nilisahau hata jina la baba yangu. "Umeona?" akasema. "Sasa andika kwamba Goreti hana akili." Ndivyo alivyofundisha.

Sasa niwaambie habari ya Divine, kwa sababu ndiyo iliyofanya chai inipalie.

Utafiti wetu ulihusu watoto wa shule. Wengine walimu wao walilalamika kwamba hawatulii au akili yao iko mbali. Wengine hawakulalamikiwa. Tuliwaketisha mbele ya skrini, ukatokea uso wa mtu, halafu kando ya uso likatokea umbo la rangi. Tulipima jicho la mtoto linakaa juu ya uso kiasi gani, na linahamia kwenye umbo upesi kiasi gani. Nia ilikuwa kulinganisha kundi na kundi. Hilo nalo mlishike: utafiti wa namna hii unazungumza juu ya makundi. Haukuandaliwa kumwambia mama fulani kwamba mwanawe fulani ni mgonjwa, na yeyote anayeutumia hivyo anafanya jambo ambalo watafiti wenyewe hawakuweza kulifanya.

Ili watoto wasichoke, programu ilikuwa na sauti ya kuwatia moyo. Ile ya ng'ambo ilikuwa ya msichana anayechekacheka, kwa lugha ambayo watoto wetu hawaijui. Tukaamua kurekodi yetu, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Tukajivuna sana katika kumtafuta msemaji. Hatukutaka sauti ya mzaha. Tulimpata bwana mmoja wa kwaya mwenye sauti nzito, tulivu, sauti ya mtu ambaye akipiga hodi nyumba nzima inatafuta kiti cha kumkalisha. Kila picha ilipotokea alisema, "Vizuri sana. Sasa tazama tena." Spika haikupata nafasi mezani, tukaiweka chini ya meza, upande wa kulia. Tulipeana mikono kwa kuridhika.

Divine alikuwa mwaka wa tatu katika shule moja ya kulipia upande wa Kibenga. Aliishi Ruziba na nyogokuru wake, yaani bibi yake, Bibi Perpetua, aliyekuwa akilima mboga na kuuza. Mwalimu wake alilalamika kwamba akiulizwa swali hajibu upesi na macho yake hayaonekani. Akaletwa kwetu pamoja na wenzake. Mashine ikasema hakai juu ya nyuso na anachelewa kwenye umbo. Mwalimu mkuu wa shule, ambaye wote walimwita Madamu Direktrisi, akampigia simu Daktari Leonidas, kiongozi wa timu yetu hapa, kuuliza habari za mtoto huyo. Daktari ni mtu mpole na alitaka kusaidia. Akamwambia kilichoonekana: mtoto anakwepa nyuso na umakini wake uko chini, afuatiliwe.

Alisema afuatiliwe. Madamu Direktrisi alisikia afukuzwe.

Na hakumwita bibi ya Divine ofisini kumweleza. Aliingia darasani, akamsimamisha Divine mbele ya wenzake, akawaambia kwamba madaktari wameona kichwa cha mwenzao kina kasoro, kwa hiyo atakaa nyumbani mpaka atibiwe, na wao wasimcheke. Hata leo nikiandika "wasimcheke" mkono wangu unataka kuvunja kalamu. Unamvua mtoto nguo sokoni, halafu unawaomba watu wasitazame.

Sisi hatukujua lolote mpaka asubuhi moja Bibi Perpetua alipoingia kliniki akimshika Divine mkono. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya kanisani.

"Muganga," akaniambia, "nimeleta mutoto. Mumupe dawa."

"Dawa ya nini, mama?"

"Dawa ya macho yenye kukimbia. Shule ilisema mulimukuta na ugonjwa. Mi namuangaliya nyumbani sioni kitu, lakini mi si muganga. Anachagua mawe mu muchele kuliko mi. Uzi akiniingiziya mu sindano, mara moja tu. Lakini kama munasema ni mugonjwa, mumupe dawa arudi kusoma. Anaamuka asubuhi anavaa iniforme, anakaa mulangoni."

Niliwatazama. Mtoto alikuwa amevaa sare ya shule, imepigwa pasi vizuri. Alinyoosha mkono wa kulia kunisalimia, wa kushoto ukishika kiwiko, kichwa kimeinama, kama tulivyofundishwa sote tuliolelewa vizuri. Nikaenda kumwita Daktari Leonidas. Aliposikia neno "kufukuzwa" alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati kilikuwapo.

"Tumupime tena," akasema. "Sasa hivi."

Nikamkalisha Divine, nikaifundisha mashine jicho lake, na yeye alifuata vidoa vyote kwa usahihi. Daktari akasimama nyuma akitazama skrini yetu ndogo, ile inayoonyesha jicho linakwenda wapi. Uso ukatokea. Jicho la Divine likatua juu yake, likaondoka, likashuka chini kulia, nje kabisa ya picha, likakaa huko. Umbo likaja na kupita. Uso mwingine, hadithi ileile.

"Unaona?" Daktari akasema kwa huzuni. "Anakimbia."

Tukasimamisha. Nikavuta kigoda nikakaa chini kuliko mtoto, ili nisimsimamie.

"Divine, mwanangu, sababu gani unaangaliya chini?"

Bibi yake akamgusa bega. "Jibu. Muganga hana ubaya."

"Papa alikuwa anasema," Divine akanong'ona; kwa mtoto wa kwetu kila mwanamume mzima ni papa, yaani baba.

"Papa gani? Papa Dokteri hakusema kitu."

"Ule wa chini ya meza."

Daktari na mimi tukatazamana.

"Na papa wa chini ya meza akisema, we unafanyaka nini?"

Akanishangaa, kana kwamba nimemuuliza watu hula kwa kutumia nini. "Nangojaka amalize. Ni mukubwa."

"Na ukimuangaliya mutu mwingine wakati anasema?"

"Ni kukosa adabu."

Bibi Perpetua akaitikia kwa kichwa, ameridhika kama mtu aliyesikia mtoto akisema katekisimu bila kukosea. Daktari Leonidas akamwomba Divine ampishe, akaketi yeye mwenyewe kwenye kile kiti kidogo, magoti yakimfikia kifuani, akaniambia niianzishe.

Uso ukatokea. Ile sauti nzito ikasema kutoka chini ya meza, "Vizuri sana." Na mimi, kwenye skrini yangu, nikaliona jicho la daktari, mtu mzima, msomi, baba wa watoto, likishuka chini kulia na kuinama kwa heshima mbele ya spika.

"Dokteri," nikamwambia, "na we umefukuzwa shule."

Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akajishika kichwa.

"Goreti. Wako wangapi wengine kama yeye?"

Tulizima sauti, tukampima Divine mara ya tatu. Alikaa juu ya nyuso. Alirukia umbo upesi kuliko watoto wengi niliowahi kuwaketisha. Alikuwa akicheza sasa. Alikuwa anaona ni mchezo. Bibi yake, ambaye hakuelewa zile rangi, alielewa nyuso zetu.

"Dawa hamukumupa," akasema.

"Hakuna dawa ya adabu, mama," Daktari akamjibu.

Siku zilizofuata tulipitia watoto wengine, na ilikuwa vilevile. Si wote. Wale wachangamfu, wanaojibizana na wakubwa, walipita bila shida. Waliozama ni wale waliolelewa kwa uangalifu zaidi, wale ambao mtu mzima akisema wanaacha kila kitu. Mashine ilisema hawa hawana umakini. Kumbe walikuwa na umakini mwingi mno, ila walikuwa wameuelekeza kwa mzee aliyekuwa akiwasemesha. Mtafiti wa ng'ambo asingelifanya kosa hili, kwani asingejua kutafuta sauti ya kuheshimiwa. Sisi tulijua. Tuliichagua ile sauti kwa sababu inaheshimiwa, kisha tukashangaa watoto kuiheshimu.

Daktari aliandika kwa wakuu wa utafiti. Wakajibu vizuri, kwa lugha ya kazi: sauti ibadilishwe iwe kengele, na watoto walioathirika waondolewe kwenye hesabu. Hayo yalikuwa sahihi. Lakini nikasoma majibu yale mara mbili nikitafuta mtu anayeuliza kama kuna mtoto aliyeondolewa pia kwenye darasa. Hakuna aliyeuliza. Katika hesabu, mtoto akiondolewa hesabu inakuwa safi. Divine alikuwa anaondolewa mara ya pili.

Basi tukaenda shuleni: Daktari, Bibi Perpetua, Divine na mimi. Madamu Direktrisi alitupokea ofisini, akafunga mlango. Daktari akaeleza yote, bila kujificha. Alisema wazi kwamba tatizo lilikuwa letu. Madamu akasikiliza, na naweza kusema alikuwa muungwana. Akatabasamu.

"Basi yamekwisha. Kesho mutoto arudi. Tusirefushe maneno."

Mimi nilishusha pumzi. Daktari akashusha pumzi. Tulikuwa tayari kuinuka. Bibi Perpetua hakuinuka.

"Maneno, nani aliyarefusha?" akauliza.

"Mama, nimesema arudi."

"Nimesikia. Lakini wakati ulisema mutoto wangu ana kichwa kibaya, ulisemea hapa mu ofisi?"

Madamu Direktrisi akapanga kalamu zake mezani. "Nilisemea darasani."

"Mulango ulikuwa umefungwa?"

"Mama..."

"Mulimuchafulia jina mbele ya wenzake. Mumusafishiye mbele ya wenzake. Kule Ruziba watoto wanapita nyumbani kwangu wanaita, 'We Kichwa-Kibovu, nyogokuru wako yuko?' Utawaambia wewe, ao niwaambiye mi, mulima mboga?"

Ndipo Madamu Direktrisi akasema maneno ambayo sijayameza mpaka leo. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake busara.

"Mama, unielewe. Mwalimu akirudi nyuma mbele ya watoto, kesho nani atamusikiliza? Shule ni heshima."

Sikilizeni, wanangu. Heshima ya mwalimu ilikuwa yai la kubebwa kwa mikono miwili. Heshima ya mtoto ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Na mtoto huyo aliadhibiwa kwa kosa gani? Kwa kuwaheshimu wakubwa! Nimefanya kazi miaka mingi na watu wa kila aina, na nimeona jambo hili mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka: kosa linatangazwa uwanjani, marekebisho yananong'onwa ofisini. Mgonjwa anaambiwa kwa sauti kubwa kwamba ana ugonjwa, na anaambiwa kwa sauti ndogo kwamba hana. Kisha tunashangaa watu wakiikimbia kliniki.

Kwa hiyo yule msichana wa tableti akirudi, nitamwambia: kaa kwenye kiti hicho wewe kwanza. Sikia kinachosikika pale. Muulize mtoto alikuwa akifanya nini kabla hujaiuliza mashine. Usimpe mtu wa nje jibu la mtoto mmoja kwa sababu tu amekupigia simu na wewe una moyo mwema. Moyo mwema wa Daktari Leonidas ndio uliomweka Divine mlangoni na sare yake. Na ikiwa umekosea, tafuta mahali neno lako lilipofika, ufike hapo kwa miguu yako. Mnaweza kufanya hivyo. Si vigumu, ni aibu tu, na aibu haijamuua muuguzi.

Turudi mle ofisini: Daktari Leonidas alisimama.

"Madamu, aliyekwambia ni mi. Basi mi nitasema. Mwalimu abaki na heshima yake."

"Dokteri, si lazima..."

"Ni lazima. Darasa liko wapi?"

Tulivuka uwanja kwa msafara: Daktari mbele, Madamu Direktrisi akimfuata haraka kwa viatu vyake virefu, Bibi Perpetua na Divine, na mimi nyuma. Darasa zima likasimama kutusalimia kwa wimbo wao ule wa "Bonjour", ukakatika katikati walipomwona Divine. Nilimwona akitafuta mahali pake. Benchi lake lilikuwa limejaa.

Daktari aliwaambia wakae. Hakuwahubiria.

"Niko dokteri," akasema. "Mi ndiye nilisema Divine ana kasoro. Nilikosea. Divine hana ugonjwa wa macho, hana ugonjwa wa kichwa. Tulimupima vibaya, na mulimusema kwa sababu yangu. Basi mi namuomba musamaha hapa, mbele yenu, na nyinyi musimuite tena jina lile."

Mwalimu wao alikuwa akitazama ubao. Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Dokteri, basi mugonjwa alikuwa nani?"

"Masini yetu," Daktari akasema. "Tuliiweka vibaya."

Watoto wakalipokea jambo hilo, wakaanza kunong'onezana. Kisha msichana wa benchi la mbele, mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa kwa haraka, akasimama bila kuinua mkono.

"Na masini, nayo muliifukuza?"

Daktari akanitazama mimi, akamtazama Madamu Direktrisi, akarudi kwa yule msichana. Hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

"Apana," akasema. "Yenyewe iko kazini."

Msichana akasonya. Akasonya kwa sauti, kwa muda mrefu, mbele ya daktari, mbele ya mwalimu wake na Madamu Direktrisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkemea. Kisha akamsukuma jirani yake kwa kiuno, akasogea pembeni mpaka nusu ya mwili ikabaki nje ya benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"We Divine," akasema. "Kuja ukae."